Tom Brady na pete saba: sifa zipi ni zake?

Agosti 2023 watu wengi wa soka walikutana na jina la Tom Brady kwa mara ya kwanza, pale Mmarekani huyo aliponunua sehemu ndogo ya umiliki wa klabu ya Birmingham City ya Uingereza. Taarifa zilimtambulisha kwa namna moja: mchezaji bora kuliko wote katika historia ya futiboli ya Kimarekani, bingwa wa Super Bowl, yaani fainali ya ligi yao, mara 7. Ushahidi ukaishia hapo. Na kweli hesabu hiyo inatisha. Kila bingwa huvishwa pete, na klabu zinazoongoza kwa mataji, New England Patriots na Pittsburgh Steelers, zina 6 kila moja. Mtu mmoja ana pete nyingi kuliko klabu yoyote.

Huku Afrika Mashariki Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Anayekesha kuitazama anastahili maelezo zaidi ya idadi ya pete. Msimamo wangu nautanguliza: Brady anastahili kuitwa mkubwa kuliko wote. Ila sifa zilimtangulia, ustahili ukaja nyuma, na mengi ya yale anayosifiwa nayo yalifanywa na wenzake. Fainali iliyomfanya nyota ni ile ambayo yeye mwenyewe alifanya machache. Fainali aliyorusha yadi nyingi kuliko zote, alifungwa.

Ili hilo lieleweke, tuanze na kazi yenyewe. Timu ya NFL, ligi kuu ya mchezo huu, ina wachezaji 53, na uwanjani huingia 11 kwa wakati mmoja, lakini hao 11 si walewale mechi nzima. Kuna kikosi cha kushambulia, kikosi cha kulinda, na kikosi cha tatu kinachoshughulika na mateke. Kwotabeki, nafasi aliyocheza Brady, ni kiongozi wa kikosi cha kushambulia. Kila mchezo unapoanza upya mpira humfikia yeye, naye ana sekunde mbili au tatu za kuamua kama atampa mwenzake akimbie nao au ataurusha kwa mpokeaji aliye mbele, huku majitu yenye kilo zaidi ya mia yakimjia kumwangusha. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na yadi ni pungufu kidogo ya mita. Wakizipata wanaendelea, wakikwama mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha hadi eneo la mwisho wa uwanja ni tachidauni, yaani pointi 6. Wakikaribia bila kufika, mpiga mateke huupitisha kati ya milingoti kwa pointi 3.

Mpira ukishakwenda kwa wapinzani, kwotabeki anatoka nje na kukaa benchi. Hakabi, hazuii, wala hapigi teke la ushindi. Karibu nusu ya mechi anaitazama kama mimi na wewe. Pamoja na hayo, Wamarekani huandika ushindi na vipigo vya timu nzima kwa jina lake, kana kwamba aliingia uwanjani peke yake.

Ubaya wa hesabu hiyo unaonekana kwa watu wawili. Dan Marino wa Miami Dolphins alirusha yadi 5,084 na tachidauni 48 mwaka 1984, rekodi ambazo watu wa enzi hizo waliziona kama za sayari nyingine. Alistaafu bila pete hata moja. Trent Dilfer aliiongoza Baltimore Ravens kutwaa Super Bowl ya msimu wa 2000 akiwa nyuma ya mojawapo ya safu kali za ulinzi kuwahi kuonekana, na baada ya ubingwa klabu yake mwenyewe ikamwacha aende. Hakuna mtu mzima anayeujua mchezo huu atakayekuambia Dilfer alikuwa bora kuliko Marino. Lakini anapofika kwa Brady mtu huyohuyo anarudi kuhesabu pete.

Klabu za NFL huchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni kwa zamu, raundi baada ya raundi. Brady alichaguliwa na Patriots mwaka 2000 katika raundi ya sita, akiwa mchezaji wa 199. Makwotabeki sita walichaguliwa kabla yake. Hadithi hii hupendwa kusimuliwa kana kwamba klabu zote zilikuwa vipofu, na hapo sikubaliani. Mbio za yadi 40 alizikimbia kwa sekunde 5.28, kasi ndogo mno kwa mwanamichezo wa kiwango hicho, na Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa kikimgawanyia nafasi na kijana mwingine, Drew Henson. Sababu za kumtilia shaka zilikuwepo. Kilichopuuzwa ni mechi yake ya mwisho ya chuo, Orange Bowl ya Januari 1, 2000. Michigan ilikuwa nyuma ya Alabama kwa pointi 14 mara mbili, na mara zote mbili Brady akaisawazishia. Walishinda 35-34 katika muda wa nyongeza, yeye akiwa amerusha yadi 369 na tachidauni 4. Tabia iliyokuja kumpa jina ilikuwa imeshajitokeza hadharani.

Mlango ulifunguka kwa ajali. Septemba 23, 2001, Mo Lewis wa New York Jets alimgonga Drew Bledsoe, kwotabeki wa Patriots aliyekuwa amesaini miezi michache nyuma mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 103. Bledsoe alivuja damu ndani ya mwili. Brady akaingia, na kuanzia hapo timu ikashinda mechi 11 kati ya 14 za msimu wa kawaida alizoanza.

Sasa tazama jinsi pete ya kwanza ilivyopatikana. Januari 2002, theluji ikianguka, Patriots walikuwa nyuma ya Oakland Raiders katika mtoano. Charles Woodson alimgonga Brady, mpira ukamtoka, Raiders wakaulalia. Mechi ilikuwa imekwisha. Mwamuzi akatazama marudio ya video na kutumia kanuni iliyosema kwamba mkono wa mrushaji ukiwa bado unaurudisha mpira kifuani, tendo hilo huhesabiwa kuwa pasi iliyokosa. Kanuni hiyo ilitetewa na wachache hata wakati huo, na mwaka 2013 ilifutwa. Patriots wakabaki na mpira, na mpiga mateke Adam Vinatieri akausawazisha mchezo kwa teke la yadi 45 ndani ya theluji, kisha akapiga la ushindi katika muda wa nyongeza. Wiki iliyofuata, kule Pittsburgh, Brady aliumia kifundo cha mguu kipindi cha kwanza. Bledsoe, yuleyule aliyeporwa nafasi na jeraha, akaingia na kurusha tachidauni, na kikosi cha mateke kikaleta nyingine mbili. Katika fainali dhidi ya St. Louis Rams, Ty Law alinasa pasi ya wapinzani na kukimbia nayo yadi 47 hadi mwisho. Brady alirusha yadi 145 tu mechi nzima. Vinatieri akapiga teke la yadi 48 muda ukiyoyoma, 20-17.

Tuzo ya mchezaji bora wa fainali akapewa Brady. Kwangu ilipaswa kwenda kwa Law au Vinatieri. Sisemi kijana hakufanya kitu: shambulio la mwisho alilianza mbali, zikiwa zimebaki chini ya dakika moja na nusu, bila ruhusa yoyote ya kusimamisha saa, na hakutetereka. Lakini dakika moja na nusu haimfanyi mtu kuwa gwiji. Magazeti yalimfanya gwiji usiku uleule, kwa sababu alikuwa na miaka 24, sura nzuri, na kisa cha mnyonge aliyeibuka. Wakati huo sifa zilimzidi mbali sana. Pete mbili zilizofuata, za misimu ya 2003 na 2004, zilikuja kwa tofauti ya pointi 3 kila moja, na nguzo ya timu hiyo ilikuwa ulinzi uliojengwa na kocha Bill Belichick. Dhidi ya Carolina alicheza vizuri kweli, yadi 354, lakini aliyemaliza kazi alikuwa Vinatieri kwa mara nyingine.

Laiti angestaafu hapo, leo ningeandika kwamba aliheshimiwa kupita kiasi.

Mambo yaligeuka mwaka 2007. Klabu ilimletea Randy Moss, mpokeaji mrefu mwenye kasi ya kutisha, na Wes Welker, mfupi mwepesi wa kukata kona. Brady akarusha tachidauni 50 wakati kabla ya hapo hakuwahi kuvuka 28 katika msimu mmoja. Timu ilimaliza msimu wa kawaida bila kufungwa, 16-0, ikashinda mbili za mtoano, kisha ikaanguka fainali 17-14 mbele ya New York Giants. Katika shambulio lililowaua, beki Asante Samuel aliukosa mpira uliopita mikononi mwake, na katika jaribio lililofuata David Tyree wa Giants akaudaka mwingine kwa kuubana kwenye kofia yake ngumu. Brady alikuwa benchi. Mwaka 2001 bahati ya wengine ilimpa pete, na mwaka 2007 bahati ya wengine ikamnyima. Kama tunamhesabia ile ya kwanza, tunapaswa kumhesabia na hii.

Kisha Februari 2018, mechi ambayo kwangu ndiyo kitovu cha mjadala wote. Dhidi ya Philadelphia Eagles, Brady, akiwa na miaka 40, alirusha yadi 505, rekodi ya Super Bowl, tachidauni 3, bila pasi yoyote kunaswa. Timu yake haikulazimika hata mara moja kuusalimisha mpira kwa teke. Na walifungwa 41-33, kwa sababu ulinzi haukumzuia Nick Foles, kwotabeki wa akiba wa Eagles. Mwaka mmoja baadaye Patriots waliwashinda Rams 13-3 katika fainali ambayo Brady hakurusha tachidauni hata moja. Ile ya yadi 505 haipo kwenye hesabu ya pete, hii ya 13-3 ipo.

Wapinzani wake wana hoja moja nzito kuliko zote: kwamba mwenye akili alikuwa Belichick, na Brady alikuwa mtekelezaji tu. Wana ushahidi. Mwaka 2008 Brady alichanika kano za goti katika mechi ya kwanza ya msimu, na Matt Cassel, aliyekuwa hajaanza mechi tangu shule ya sekondari, akaiongoza timu kushinda 11 na kufungwa 5. Ukisikia hivyo unaweza kudhani mtu yeyote angeweza. Ila timu ileile ilikuwa imefunga pointi 589 mwaka uliotangulia, na kwa Cassel ikafunga 410. Pointi 179 zilipotea, na mtoano wakaukosa.

Jibu kamili zaidi lilikuja walipoachana mwaka 2020. Bila Brady, Belichick alidumu misimu minne New England: ushindi 29, vipigo 38, na hakuna hata mechi moja ya mtoano aliyoshinda. Kabla ya Brady, kule Cleveland, alikuwa ameshinda 36 na kufungwa 44. Brady alikwenda Tampa Bay Buccaneers, klabu ambayo haikuwa imefika mtoano tangu msimu wa 2007, na mwaka huohuo wa kwanza wakawa mabingwa.

Hapa wengi husimama na kutangaza mshindi. Mimi naona pana jambo zuri zaidi la kutazama, nalo ndilo linaloonyesha ubora wake umekaa wapi. Msimu mmoja kabla, kwotabeki wa Tampa alikuwa Jameis Winston. Kocha alikuwa Bruce Arians yuleyule, wapokeaji wakuu Mike Evans na Chris Godwin walewale. Winston alirusha yadi 5,109. Brady, mwaka 2020, alirusha 4,633. Kwa yadi, Winston anaongoza. Lakini Winston alirusha tachidauni 33 na pasi zake 30 zikanaswa na wapinzani. Brady alirusha tachidauni 40, zikanaswa 12. Kila pasi inayonaswa ni shambulio lililokufa, na mara nyingi ni wapinzani kuanzia karibu na lango lako. Punguza 18 za namna hiyo, na ulinzi uleule uliokuwa ukilaumiwa unaonekana ghafla kuwa imara. Tampa ilitoka ushindi 7 ikafika 11, halafu ikatwaa taji. Na aliyafanya hayo katika mwaka wa Korona, mechi za maandalizi zikiwa zimefutwa, akijifunza lugha ya mbinu mpya akiwa na miaka 43.

Huo ndio ufundi wake, na ni vigumu kuuona kwenye televisheni. Hakuwa na kasi. Mkono wake ulikuwa mzuri, lakini nguvu za kurusha alizidiwa na wengi. Alichowazidi wote ni kusoma: kabla mpira haujaguswa alishajua ni beki gani anajifanya kukaba upande huu ilhali atakimbilia ule, na mpira ukamtoka mkononi kabla ya yule wa kumwangusha hajafika. Pasi fupi, ya mapema, kwa mtu sahihi, mara arobaini kwa mechi. Ndiyo maana Julian Edelman, aliyekuwa kwotabeki chuoni na akachaguliwa raundi ya saba kama mtu wa kubahatisha, aliweza kuwa mchezaji bora wa Super Bowl kama mpokeaji. Ndiyo maana pia walipokuwa nyuma 28-3 dhidi ya Atlanta Falcons Februari 2017 hakuanza kurusha mipira ya kukata tamaa. Aliendelea kula yadi chache chache, alirusha pasi 62, na wakashinda 34-28 katika muda wa nyongeza. Ukiniuliza pete ipi ni yake kuliko zote, nitakutajia hiyo, ingawa hata pale Dont'a Hightower wa kikosi cha ulinzi ndiye aliyempokonya mpira kwotabeki wa Atlanta na kuufungua mlango.

Kuna doa nisilotaka kulifunika. Januari 2015, katika mechi waliyoishinda Indianapolis Colts 45-7, mipira ya Patriots ilikutwa na upepo pungufu kuliko kanuni inavyotaka, jambo linaloirahisishia mikono kuishika. Uchunguzi wa ligi ulisema kuna uwezekano mkubwa wafanyakazi waliitoa upepo makusudi na kwamba Brady alikuwa na habari. Aliiharibu simu yake iliyokuwa ikitakiwa na wachunguzi. Alifungiwa mechi 4, akazitumikia mwaka 2016. Kuiharibu simu hakukumpa heshima, na anayemsifu bila kulitaja hilo anamficha msomaji. Lakini kama dai ni kwamba upepo ulimfanya awe alivyo, takwimu zinalikataa: kipindi cha pili cha mechi ile, mipira ikiwa imejazwa sawasawa, walifunga pointi 28, na msimu aliorejea kutoka kifungoni alirusha tachidauni 28 huku pasi 2 tu zikinaswa.

Halafu kuna umri. Alicheza misimu 23. Mwaka 2021, akiwa na miaka 44, aliongoza ligi nzima kwa yadi 5,316 na tachidauni 43. Ngoma yake ilivuma miaka 20 bila kupasuka. Nidhamu ya mwili aliyokuwa nayo ni ya kweli na inastahili pongezi. Biashara aliyoijenga juu yake, ya vyakula maalumu na mazoezi ya kulainisha misuli, naiona imekuzwa mno, maana mwili wa mtu mmoja hauthibitishi dawa. Pia kanuni zilibadilika wakati wake. Kuanzia 2004 waamuzi walianza kuwa wakali kwa mabeki wanaowashika wapokeaji, na mwaka 2009, baada ya goti lake kuumizwa, mlinzi aliyeko chini alikatazwa kujirusha kwenye miguu ya kwotabeki. Joe Montana, kwotabeki wa zamani aliyeshinda Super Bowl zote 4 alizocheza bila pasi yake kunaswa hata moja, hakuwahi kupata ulinzi huo. Jumla ya yadi 89,214 alizorusha Brady katika misimu ya kawaida haiwezi kulinganishwa na za wazee wale bila kukumbuka hilo.

Kwa sasa mjadala umehamia kwa Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs, aliyeshinda Super Bowl 3 kabla ya kutimiza miaka 29. Watu wanahesabu: 7 kwa 3, bado yuko mbali. Wamekutana mara mbili katika mtoano, na mara zote alishinda Brady. Januari 2019 Chiefs walikuwa mbele 28-24, ikiwa imebaki takriban dakika moja, na pasi ya Brady ikanaswa. Lakini mlinzi wao Dee Ford alikuwa amejipanga akivuka mstari kwa kiasi cha mkono, tendo hilo la kunasa likafutwa, Patriots wakabaki na mpira, mechi ikaingia muda wa nyongeza. Patriots walishinda kura ya sarafu, wakafunga, na Mahomes hakuugusa tena mpira. Miaka miwili baadaye, katika fainali iliyompa Brady pete ya saba, Mahomes alicheza bila walinzi wake wawili wakuu wa pembeni na alitumia usiku mzima akikimbia kunusuru maisha yake. Nilimtazama akirusha mpira akiwa hewani, mwili umelala karibu usawa wa nyasi, ukafika hadi kwenye kofia ya mwenzake ndani ya eneo la mwisho, naye akashindwa kuudaka. Matokeo yalikuwa 31-9, na pasi ile ikaingia vitabuni kama pasi iliyokosa.